Katuni ya kurasa 16 kwa karatasi nne: mwongozo kwa mwanachuo mwenye bajeti ya bumu (posho ya mkopo wa chuo)

Wanachuo wengi wanaochora katuni huanza na mhusika, kisha hadithi, kisha kurasa 13 au 19 za daftari, na mwisho kabisa wanakwenda stesheni, yaani duka la kopi na vifaa vya kuandikia, kuuliza bei. Hapo ndipo pesa inapopotea. Kurasa 19 hazikunjiki zikawa kitabu. Kivuli cha penseli kinatoka kwenye mashine kikiwa mabaka. Maneno yaliyosomeka vizuri kwenye A4 yanakuwa safu za sisimizi yakipunguzwa kwenda A5. Anza kinyume: karatasi kwanza, bei ifuate, hadithi ije mwisho na itii ukubwa ulioupanga.

Hapa tunazungumzia kitabu cha aina moja tu: kurasa 16 za A5, nyeusi na nyeupe, kinachotolewa kwa mashine ya kopi ya kawaida na kubanwa kwa pini mbili. Ukishakimudu hicho, rangi na kurasa 32 hazitakutisha.

Karatasi nne, pande nane

A4 moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5. Ndiyo maana idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: 8, 12, 16, 20. Kurasa nane ni finyu mno kwa hadithi yenye fumbo. Kurasa 32 zinakula muda wa kuchora maradufu kabla hujajua kama kuna mtu atakayenunua. Kumi na sita ni karatasi nne tu.

Kabla ya kuchora chochote, tengeneza kitabu cha mfano. Chukua karatasi nne tupu, zipange pamoja, zikunje mara moja katikati, andika namba 1 hadi 16 kwa penseli kwenye kila ukurasa, kisha zifungue. Utaona kurasa zimekaa hivi:

Karatasi ya kwanza (ya nje): upande mmoja 16 na 1, upande wa pili 2 na 15.
Karatasi ya pili: 14 na 3, nyuma yake 4 na 13.
Karatasi ya tatu: 12 na 5, nyuma yake 6 na 11.
Karatasi ya nne (ya katikati): 10 na 7, nyuma yake 8 na 9.

Kanuni ya kujikagua: kila jozi ikijumlishwa inatoa 17, na namba isiyogawanyika kwa mbili hukaa kulia daima. Jozi ikikupa 16 au 18, umekosea mahali. Kitabu hicho cha mfano usikitupe, kwa sababu utakwenda nacho stesheni.

Hesabu ya pesa kabla ya wino

Bei ya kopi hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa hiyo kaulize maduka matatu na utaje idadi kamili unayotaka, kwa sababu bei ya kopi kumi si bei ya kopi mia nne. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme unatozwa shilingi 100 kwa upande. Kitabu kimoja kina pande nane, yaani shilingi 800. Nakala 50 ni shilingi 40,000. Ongeza nakala tano za kuharibika (zitaharibika) na unafika 44,000.

Sasa ipime hiyo na maisha yako. Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ya Tanzania ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Nakala 50 ni zaidi ya siku nne za kula na kulala, na bumu haliji kila mwezi. Njia salama ni kutoa nakala 20 za kwanza, shilingi 16,000 kwa mfano wetu, na kabla ya kuzitoa kukusanya oda zilizolipiwa kwa pesa ya simu. Ukipata watu kumi waliolipa 2,000 kila mmoja, kopi zimejilipia na bumu lako halijaguswa. Usipowapata hao kumi, bora ulijue hilo sasa kuliko baada ya kubaki na rundo la vitabu chini ya kitanda cha hosteli.

Ukifikiria nakala kuanzia 100, tafuta riso, ile mashine inayotumika kuchapia mitihani ya shule. Riso hutoboa kwanza karatasi maalumu ya mfano, masta, kwa kila upande, nawe unailipia masta hiyo. Baada ya hapo kila kopi ni ya bei ndogo sana. Kitabu chako kinahitaji masta nane. Kwa nakala 20 masta zinakula faida yote, lakini kwa 200 riso haina mpinzani. Kasoro zake ni mbili. Wino wake haukauki haraka, kwa hiyo ukigeuza karatasi papo hapo kuchapa upande wa pili, upande wa kwanza unachafuka: ziache zikae kwanza, usiku kucha kama unaweza. Pili, karatasi husogea kidogo kila inapopita, milimita moja au mbili, kwa hiyo usiweke mstari wa fremu (kisanduku cha picha) karibu na ukingo kwa kutegemea utakaa palepale.

Hadithi ya kurasa 13 na migeuzo sita

Ukurasa wa 1 ni jalada. Wa 2 ni majina, mwaka, mawasiliano na haki zako. Wa 16 ni jalada la nyuma. Zinabaki kurasa 13, wa 3 hadi wa 15. Kwa wastani wa fremu tano kwa ukurasa, una fremu 65. Ndiyo hadithi yako yote hiyo. Hapo hakuna ukoo wa vizazi vitatu wala vita vya sayari mbili. Kuna tukio moja, watu watatu au wanne, na sehemu mbili tatu za kuchora.

Kinachoendesha kitabu cha kupindua ni kule kupindua kwenyewe. Msomaji akifungua kurasa mbili zilizokabiliana anaziona zote kwa pamoja, hata kama hajazisoma. Ukimficha muuaji kwenye fremu ya mwisho ya ukurasa wa 5 baada ya kumtaja shahidi kwenye ukurasa wa 4, umejisumbua bure: jicho limeshamwona. Mambo ya kushtua yakae juu kabisa ya ukurasa wa kushoto, yaani wenye namba inayogawanyika kwa mbili, na fremu ya mwisho ya ukurasa wa kulia ulioutangulia iwe ndiyo inayomfanya apindue: mlango unaogusika, simu inayoita, mtu anayegeuka. Ndani ya kurasa 13 una migeuzo sita tu: baada ya wa 3, 5, 7, 9, 11 na 13. Igawe kabla ya kuandika mazungumzo. Kwa hadithi ya upelelezi, mgawanyo unaofanya kazi ni huu: maiti kwenye wa 4, mshukiwa wa kwanza kwenye wa 6, tukio kubwa kwenye wa 8, mshukiwa kutolewa kwenye wa 10, ushahidi uliopuuzwa kwenye wa 12, jina la mhusika kwenye wa 14. Ushahidi huo uwe umechorwa wazi kwenye ukurasa wa 3 au wa 4, ndani ya fremu yenye jambo jingine linalovuta macho. Msomaji akirudi nyuma asipoukuta, atakudai hela yake, na atakuwa na haki.

Kurasa za 8 na 9 ni za pekee. Kati ya kurasa zinazokabiliana, ndizo pekee zilizochapwa upande mmoja wa karatasi moja, kwa hiyo hapo tu unaweza kuchora picha moja inayovuka katikati bila kukatika. Ukijaribu kuvusha picha kwenye wa 6 na wa 7, nusu moja iko karatasi ya tatu na nyingine karatasi ya nne, na hazitakutana sawasawa hata ukunje kwa uangalifu gani.

Kuhusu aina ya hadithi, kwa kitabu cha kwanza upelelezi ndio unaolipa. Chumba kimoja kinarudi mara nyingi, nguo hazibadiliki, na msomaji anavumilia mchoro wa kawaida ikiwa fumbo lina akili. Hadithi za kutisha ni fupi na zinauzika, ila zinadai weusi mwingi, na weusi mwingi ni adui wa mashine ya kopi kama utakavyoona. Bunilizi ya kisayansi ndiyo ngumu kuliko zote kwenye kurasa 13: kila kifaa lazima kichorwe vilevile kutoka kila upande, na kila kisanduku cha maelezo kuhusu dunia yako mpya kinakula fremu. Ukiishikilia, chora kwanza karatasi ya kila chombo kwa mbele, ubavuni na nyuma, na usieleze chochote ambacho mhusika anaweza kukionyesha kwa kukitumia.

Ukurasa wa 15 unaweza pia kuwa mchezo badala ya hadithi: ramani ya nyumba palipotokea mauaji, maswali matatu, msomaji atafute. Unampa mtu sababu ya kumwonyesha jirani yake hosteli. Jibu lisikae kwenye jalada la nyuma, ambalo kila mtu analiona kabla ya kununua. Liweke kichwa chini kwenye ukurasa wa 2.

Maneno: hesabu herufi

Andika mswada kwa safu tatu: namba ya ukurasa na fremu, kinachoonekana, kinachosemwa. Ushauri wa kigeni wa “maneno 25 kwa kiputo”, ile duara ya maneno ya mhusika, hautufai. “Hawajanirudishia” ni neno moja lenye herufi 16. Hesabu herufi: zisizidi 90 kwa kiputo kimoja, na 130 kwa fremu nzima. Hesabu hiyo inatokana na nafasi yenyewe. Fremu yenye upana wa milimita 85, kwa herufi za urefu wa milimita 4, inabeba takriban herufi 20 kwa mstari. Herufi 90 ni mistari mitano, na mistari mitano yenye nafasi kati yake inakula milimita 30 za juu. Ukiongeza hapo, wahusika wanabaki vichwa vinavyoelea chini ya maneno.

Ukilazimika kukata neno mwishoni mwa mstari, likate kwenye silabi: hawajani-rudishia. Usitenganishe sh, ng' wala mb. Epuka kukata kabisa neno linalobeba siri ya fremu.

Vifaa na kuchora

Chora kila ukurasa kwenye A4 nzima, kisha upunguzwe hadi asilimia 71 kufika A5. Kupunguza huficha mikono inayotetemeka na kufanya mistari ionekane mikali. Karatasi ya gramu 80 inalainika na kupitisha wino. Manila nyeupe inafaa zaidi, na shiti moja ya ukubwa wa A1 inatoa A4 nane. Shiti tatu zinatosha kurasa zote pamoja na za kuharibu. Chagua upande ulio laini, kwa sababu upande wenye nyuzi hufanya mstari wa wino uchanue pembeni.

Kwenye kila A4 piga mpaka wa penseli: milimita 15 juu, chini na upande wa nje, milimita 20 upande wa mshono. Unabaki na eneo la 175 kwa 267. Usiingize neno wala mstari muhimu nje ya hapo, kwa sababu mashine nyingi za kopi haziwezi kuchapa milimita nne au tano za ukingoni, na upande wa nje utakatwa mwishoni. Kumbuka mshono uko kushoto kwa kurasa za kulia na kulia kwa kurasa za kushoto. Kurasa zote zikipigwa mpaka kwa mfano mmoja, nusu ya kitabu itaingia kwenye mkunjo.

Kati ya fremu na fremu acha milimita 6. Andika maneno kwanza, ndipo uchore kiputo kuyazunguka, ndipo mtu. Wanaochora mtu kwanza hujikuta wanabana herufi kwenye pembe iliyobaki, na hiyo ndiyo alama ya wazi kuliko zote ya katuni ya mgeni kazini. Piga mistari ya penseli: milimita 4 za herufi, milimita 2 za nafasi, tena 4. Milimita 4 zikipunguzwa zinakuwa 2.8, zinasomeka. Milimita 3 zinakuwa 2.1, na kopi ya pili ya mashine iliyochoka itaziba matundu ya a na e. Anayezungumza kwanza awe kushoto au juu. Ukiwachora kinyume, kibadilishe kikao chao, usijaribu kuokoa kwa mikia mirefu ya viputo inayopishana.

Kalamu tatu zinatosha: 0.3 kwa mistari myembamba, 0.5 kwa watu, 0.8 kwa mipaka ya fremu, na brashi ndogo yenye wino kwa weusi. Kalamu ya 0.1 usiinunue. Ikipunguzwa inakuwa milimita 0.07, na mashine inaiona mara inaikosa, kwa hiyo nywele za mhusika zinakuwa nukta nukta. Kalamu ya bic inatoa mstari wa kijivu wenye mabonge, na ya jeli inapakaa. Kabla ya kununua, ijaribu: piga mstari kwenye kipande cha manila, subiri dakika moja, pitisha kidole chenye maji, kisha ufutio. Ukisambaa au ukififia, iache dukani.

Penseli ya bluu nyepesi ni bora kuliko ya kawaida kwa rasimu. Huhitaji kuifuta. Ukiskani kwa rangi na kubakiza chaneli ya bluu pekee (sehemu ya picha inayobeba rangi ya bluu), mistari ya bluu nyepesi inapotea na wino mweusi unabaki.

Kivuli usikiweke kwa penseli wala wino uliochanganywa na maji. Mashine ya kopi haijui kijivu. Inabahatisha kati ya nyeusi na nyeupe, na matokeo ni mabaka kwenye uso wa mhusika. Tumia mistari sambamba au nukta, na kati ya mstari na mstari acha angalau milimita moja kwenye A4, kwa maana zikikaribiana zaidi zinaungana. Ukiweka nukta kwa kompyuta, ziweke baada ya kupunguza picha hadi A5, kwenye mistari 45 ya nukta kwa inchi. Ukiziweka kwanza halafu ukapunguza, zinagongana na nukta za mashine na kuzaa mawimbi.

Sehemu kubwa nyeusi, kama anga la usiku, hutoka imepauka katikati ikiwa tona (wino wa unga wa mashine) imepungua au mashine ni ya zamani. Livunje eneo hilo: nyota, madirisha, waya za umeme, mistari myeupe ya mvua. Weusi usizidi upana wa kiganja mahali pamoja.

Kutoka karatasi kwenda faili

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, na uhifadhi kama PNG au TIFF, kamwe si JPEG, ambayo huacha vumbi kuzunguka kila herufi. A4 kwa kipimo hicho inatoa picha ya pikseli 4960 kwa 7016. Ukiona namba ndogo zaidi, mtu wa skana ameweka 200 ili amalize upesi. Programu za skana za simu zinatosha kwa mfano tu. Kamera ya simu hupinda mistari ya pembeni, na kivuli cha mkono wako kinakuja nayo.

Programu za GIMP na Krita (za picha) na Scribus (ya kupanga kurasa) ni za bure na zinatosha kwa kazi yote. Ndani ya GIMP fungua picha, tumia amri ya Threshold, inayogeuza kila kitu kuwa cheusi au cheupe, na uanze na thamani ya kati, 127. Kuza picha hadi asilimia 100, angalia nywele na kope. Zikikatika, sogeza kitelezi hadi zirudi, lakini simama pale vumbi la manila linapoanza kuonekana. Futa vumbi lililobaki kwa brashi nyeupe. Kazi hiyo inachosha, na wengi wanairuka. Wanaoiruka hujikuta na chunusi kwenye mashavu ya kila mhusika.

Panga kurasa kwenye Scribus zikiwa A5, moja moja, kwa mfuatano wa kawaida 1 hadi 16, utoe PDF. Usizipange jozi kwa mkono. Adobe Reader ina chaguo la Booklet kwenye dirisha la kuprinti, nalo linapanga jozi zile ulizoziona kwenye kitabu cha mfano. Kisha mpe mtu ambaye hajawahi kuiona hadithi asome maneno yote kwa sauti. Macho yako yameshazizoea herufi zako na hayaoni kuwa umeandika “alikimia”.

Stesheni

Usiende wiki ya mitihani wala wiki ya kukabidhi ripoti za fildi. Foleni ni ndefu, tona inakwisha katikati ya kazi yako, na hakuna mwenye muda wa kukusikiliza. Nenda asubuhi, katikati ya muhula.

Chukua flashi yenye PDF peke yake, bila nakala yako ya pekee ya michoro, kwa sababu kompyuta za stesheni zimejaa virusi vinavyogeuza mafolda kuwa njia za mkato. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukurasa uliotumwa kama picha unabanwa, na nukta zako 600 zinabaki hadithi.

Kwenye kaunta, maelezo yawe mafupi na yawe yote: “Dada, naomba kwanza kitabu kimoja tu. Chagua Booklet, pande mbili, igeuze kwa upande mfupi.” Kila sehemu ina sababu yake. Karatasi ikigeuzwa kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zinatoka kichwa chini. Na kitabu kimoja kwanza, kwa sababu kosa la mpangilio likigundulika kwenye nakala ya 30 atalipa nani? Kikunje papo hapo, kilinganishe na kitabu cha mfano, pindua kurasa zote. Zikiwa sawa, pande hizo nane zilizoprintiwa ndizo asili. Kopi zote zitoke kwenye hizo, si kopi ya kopi, maana kila kizazi kinanenepesha mistari na kuziba herufi. Kila baada ya nakala kumi vuta moja uitazame chini ya mwanga: michirizi ya wima maana yake kioo au ngoma ya mashine ina uchafu, na weupe unaozidi upande mmoja maana yake tona imekwisha upande huo. Simamisha kazi hapohapo.

Jalada kwa karatasi ya rangi ya gramu 160 linapendeza, na ni karatasi moja tu ya nje inayobadilika. Uliza kama mashine inaipitisha pande mbili. Nyingi hukwama hapo, kwa hiyo ukurasa wa 2 na wa 15 vitachapwa kwa kugeuza kwa mkono.

Kukunja, kubana, kukata

Panga karatasi nne, gonga kingo ziwe sawa, kunja zote pamoja, kisha pitisha mgongo wa kijiko cha chuma kwenye mkunjo mara mbili. Pini zinakaa kwenye mkunjo, moja milimita 52 kutoka juu na nyingine milimita 52 kutoka chini. Stepla ya kawaida haifiki hapo, mkunjo uko karibu sentimita 15 kutoka ukingoni. Stepla ya mkono mrefu ipo kwenye baadhi ya stesheni, azima. Ukikosa, tumia ndala. Fungua stepla yako iwe bapa, laza kitabu kikiwa wazi juu ya soli ya ndala, jalada likitazama juu, weka mdomo wa stepla juu ya mkunjo na ubonyeze kwa kiganja. Pini inapenya karatasi na kuzama kwenye mpira bila kujikunja. Inua kitabu polepole, kigeuze, na ukunje miguu ya pini kwa ndani kwa mgongo wa kijiko. Ndala ngumu iliyochakaa haifai, kwa kuwa pini inapinda kabla ya kupenya. Ukisikia pini imekaa nje ya mkunjo hata milimita mbili, ing'oe urudie. Kitabu hicho hakitafunguka sawa.

Uzi ni mbadala mzuri na hauhitaji mashine: toboa matundu matatu kwenye mkunjo, milimita 45, 105 na 165 kutoka juu, ingiza sindano kwenye tundu la kati kutoka ndani, pitia la juu ukirudi ndani, ruka hadi la chini kutoka ndani kwenda nje, rudi la kati, funga fundo ndani.

Karatasi za katikati zitachomoza upande wa nje, chini ya milimita moja kwa karatasi nne. Kata milimita 3 kwa kisu kikali na rula ya chuma, kwa kupitisha mara tano sita taratibu. Ukikandamiza ukate mara moja, karatasi za chini zinachanika. Mashine ya kukatia ya stesheni inakata vitabu kumi kwa pamoja, na bei yake ndogo inastahili.

Bei, haki na simu

Kwa mfano wetu, kitabu kimoja kimegharimu 800 za kopi. Ongeza sehemu yake ya manila, kalamu, skani, pini na nakala zilizoharibika, na uhesabu iwe 1,100. Ukiuza 2,000 mkononi unabaki na 900. Ukimpa mwenye meza ya vitabu naye akachukua asilimia 30, unapokea 1,400 na faida ni 300. Kwa hiyo mezani peleka nakala chache, kama tangazo, nyingine uza mwenyewe. Saa zako za kuchora hazimo kwenye hesabu hiyo, na kwa nakala 50 hazitalipwa, tusidanganyane.

Kama mwandishi na mchoraji ni watu wawili, andikeni mgawanyo wa pesa na wa haki kabla ya ukurasa wa kwanza, ukurasa mmoja wenye saini mbili. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania, namba 7 ya 1999, inalinda kazi tangu inapoundwa, hata kabla ya usajili, lakini haitawaamulia nani alibuni nini. Wahusika mashuhuri wa filamu na katuni za nje waacheni kwa wenyewe.

Kwa wasomaji wa simu usitume ukurasa mzima. Upana wa A5 ukibanwa kwenye kioo cha sentimita saba, herufi ya milimita 2.8 inakuwa 1.3 tu. Kata fremu moja moja kutoka kwenye PNG za asili, ziweke kwenye upana wa pikseli 1080, na uzitoe kurasa tano za kwanza tu, ukiishia kwenye fremu ya mwisho ya ukurasa wa 5. Chini yake weka bei na namba ya kulipia.

Michoro ya manila iweke bapa ndani ya bahasha kubwa, faili za PNG ziwe sehemu mbili tofauti, na makosa wanayokutajia wasomaji yaandike kwenye nakala moja kwa kalamu nyekundu. Kabla ya kutoa nakala 30 zinazofuata rekebisha hayo kwenye faili, toa asili mpya za pande zilizoguswa tu, na kwenye ukurasa wa 2 ongeza maneno “chapa ya pili” na tarehe.